Fui au iba? Kusimulia safari kwa Kihispania bila kupitia Kiingereza

Kila Agosti, Wahispania wakianza kumiminika Mji Mkongwe, vijana wenzangu wa kutembeza wageni hunijia barazani na swali lile lile: "Maalim, hapa niseme fui au iba?" Yaani "nilikwenda" au "nilikuwa nikienda". Umaalim wenyewe ni wa utani. Kihispania nimekiokota Forodhani na Nungwi, mchana nikisikiliza, usiku nikisafisha kwa daftari. Ila swali limeshaulizwa mara nyingi mno, bora niandike jibu mara moja nipumzike.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua kusema me llamo, vamos, cuesta diez, lakini mgeni akikuuliza "¿Qué hiciste ayer?" (jana ulifanya nini?) unabaki kumkenulia meno, au unamjibu "Ayer yo voy a Pemba" (jana mimi nakwenda Pemba). Anakuelewa, kwa huruma tu.

Tatizo la wengi wetu ni njia tunayopita. Sentensi inazaliwa kwa Kiswahili, inapelekwa Kiingereza cha skuli, halafu ndiyo inavushwa Kihispania. Ni kama mtu wa Unguja anayetaka kufika Wete, Pemba, akaanzia Mombasa. Kiswahili chako kina -li-, -ka-, -ki-, -me- na -ja-, na karibu kila kimoja kina mwenzake kwa Wahispania. Anzia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wakati uliopo wa vitenzi vya kawaida: hablo, como, vivo na ndugu zao. Kama hujavijua, rudi huko kwanza, usione haya.
- Safari yako moja ya kweli. Usibuni. Ukibuni utatafuta maneno na hadithi kwa pamoja, na vyote viwili vitakukimbia.
- Daftari na kalamu mbili, nyekundu na ya buluu.
- Simu ya kurekodi sauti yako.
- Maneno machache ya wakati: ayer (jana), anoche (jana usiku), la semana pasada (wiki iliyopita), hace dos días (siku mbili nyuma), de repente (ghafla), después (baadaye), mientras (huku, wakati), todavía no (bado), hasta (hadi).

Hilo la mwisho hutalisahau ukiona asili yake: hasta limetoka kwenye hatta ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi "hata". Wazee wetu wakisema "tulikaa hata magharibi", Mhispania anasema hasta.

Hatua ya 1: Andika safari yako kwa Kiswahili

Sentensi saba au nane, kama unavyomhadithia mtu barazani. Yangu hii hapa (Malindi ni bandari yetu ya mjini Unguja, Mkoani ni bandari ya Pemba):

Mwaka jana nilikwenda Pemba. Tuliondoka Malindi asubuhi. Bahari ilikuwa imechafuka. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, na mtoto mmoja alikuwa akilia. Ghafla injini ikazima. Tukangoja saa nzima. Tukafika Mkoani jioni.

Hatua ya 2: Ipige rangi

Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila tendo lililotokea likaisha: nilikwenda, tuliondoka, ikazima, tukangoja, tukafika. Kwa buluu, pigia mstari yaliyokuwa yakiendelea pembeni: ilikuwa imechafuka, nilikuwa nimekaa, alikuwa akilia.

Nyekundu ndiyo njeo (wakati wa kitenzi) wanayoiita indefinido. Buluu ni imperfecto. Nyekundu ni jahazi linalokwenda, buluu ni bahari iliyolizunguka.

Ukishindwa kuamua rangi, tumia jaribio la -ka-. Jaribu kukitia kitenzi -ka- na usikilize. "Tukaondoka Malindi, injini ikazima, tukafika": yote yanakubali na hadithi inasogea mbele, basi ni nyekundu. Sasa jaribu "mtoto akalia". Sentensi ni sahihi, lakini maana imebadilika: kumetokea jambo ndipo mtoto akaanza kulia. Kwa Kihispania mabadiliko ni hayo hayo. Un niño lloraba, mtoto alikuwa akilia tu tangu bandarini. Un niño lloró, mtoto akalia. Sijaona kitabu cha Kihispania kinachofundisha hivi, na mimi naona kwa Mswahili hakuna njia fupi kuliko hii.

Hatua ya 3: Jifunze indefinido ya kawaida, na uchunge mkazo

Mfuatano ni mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao.

Viajar (kusafiri): viajé, viajaste, viajó, viajamos, viajasteis, viajaron.
Comer (kula): comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron.
Salir (kuondoka, kutoka) hufuata njia ya comer: salí, saliste, salió, salimos, salisteis, salieron.

Umbo la tano ni la kuwaambia "ninyi" kwa Wahispania tu. Mgeni wa Mexico au Argentina halitumii, kwake "ninyi" na "wao" ni umbo moja la mwisho.

ONYO, na hili lisome mara mbili. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Ulimi umezoea. Ukiona llegó (alifika) utatamka LLE-go, na hilo ni llego, yaani "mimi nafika". Alama ile juu ya o si pambo, inakwambia mkazo umehamia mwisho: lle-GÓ.

Mimi somo hili nimelilipia. Usiku mmoja Forodhani nilikuwa na mume na mke, wageni wangu wa siku nzima. Nilimwona mume akitoa pesa kwenye meza ya mishkaki na pweza, nikadhani keshamaliza. Mke akaniuliza habari ya malipo, nami nikataka kumwambia "keshalipa": Ya pagó. Ikatoka Ya PA-go. Maana yake: "Sasa hivi nalipa mimi." Mama wa watu alifurahi, akaniwekea mkono begani, akaenda kumwambia mumewe kwamba kijana anatukirimu. Mume, ambaye kumbe alikuwa amelipia juisi ya miwa tu, akarudisha pochi mfukoni. Muuza pweza akanigeukia: "Haya, kaka." Nikalipa. Ningesema nini?

Kwa hiyo rekodi sauti yako ukisoma jozi hizi, kisha sikiliza kama tofauti inasikika: pago, pagó. Llego, llegó. Viajo, viajó. Compro, compró. Kama huisikii wewe, mgeni hataisikia pia.

Kidogo kuhusu maandishi: sauti haibadiliki ila herufi hubadilika kwenye "mimi". Llegar hutoa llegué, pagar hutoa pagué, buscar hutoa busqué, almorzar hutoa almorcé. Hii ni ya kuandikia ujumbe wa simu tu, mdomoni haikuhusu.

Na salimos, viajamos, llegamos ni "tunaondoka" na pia "tuliondoka", neno ni moja. Ndiyo maana useme ayer mapema.

Hatua ya 4: Meza vitenzi vikaidi saba

Viko vingi zaidi, lakini hivi saba vinabeba hadithi yoyote ya safari:

1. ir (kwenda): fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron
2. estar (kuwa mahali): estuve, estuviste, estuvo, estuvimos, estuvisteis, estuvieron
3. hacer (kufanya): hice, hiciste, hizo, hicimos, hicisteis, hicieron
4. tener (kuwa na): tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron
5. venir (kuja): vine, viniste, vino, vinimos, vinisteis, vinieron
6. decir (kusema): dije, dijiste, dijo, dijimos, dijisteis, dijeron
7. ver (kuona): vi, viste, vio, vimos, visteis, vieron

Angalia namba 2 hadi 6: hakuna alama ya mkazo. Hice, vino, dijo husomwa kwa mkazo wa Kiswahili, mwake kwa mwake. Zawadi hiyo.

Matamshi nayo tusijidharau. J ya dije ni kh ya "kheri". Z ya hizo kwa Wahispania wengi ni th ya "thamani", kwa watu wa Amerika ya Kusini ni s tu. Aliyepita chuo cha Kurani akaonyeshwa makhraj, yaani pa kutokea kila herufi, hana kazi hapa. H haitamkwi: hice ni "ithe" au "ise".

Fui ina kazi mbili: ni "nilikwenda" na pia ni wakati uliopita wa ser, "kuwa". Fui a Pemba, nilikwenda Pemba. El viaje fue largo, safari ilikuwa ndefu. Usihangaike, ile a inayofuata inakuonyesha kuna kwenda.

Hatua ya 5: Imperfecto, iliyo rahisi

Vitenzi vya -ar huchukua -aba: viajaba, viajabas, viajaba, viajábamos, viajabais, viajaban. Vya -er na -ir huchukua -ía: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vikaidi ni vitatu tu lugha nzima: era (ser), iba (ir), veía (ver).

Itumie kwa hali ya hewa (hacía calor, kulikuwa na joto; llovía, mvua ilikuwa ikinyesha), kwa umri (tenía diez años, nilikuwa na miaka kumi), kwa saa, na kwa mazoea: De niño iba a Jozani con mi abuelo, utotoni nilikuwa nikienda Jozani na babu.

ONYO la saa: Eran las siete si saa saba, ni saa moja. Saa saba ni era la una. Ukimwambia mgeni boti iliondoka a las siete ukimaanisha saa saba mchana, utamvuruga, na kama ni boti ya kesho utamwacha bandarini.

ONYO la muda uliofungwa: ukitaja tendo limechukua muda gani kwa jumla, ni indefinido, hata kama muda huo ni mrefu. Kiswahili hakijali sana. Tunasema "nilikuwa nikikaa Wete miaka mitatu" na hakuna anayeshangaa. Mhispania anataka Viví tres años en Wete. Ukiondoa ile miaka mitatu, ndipo inarudi vivía: Vivía en Wete cuando conocí a mi mujer, nilikuwa nakaa Wete nilipojuana na mke wangu.

Hatua ya 6: Pasua neno "ilikuwa"

Hapa ndipo wengi huzama, hata waliosoma darasani. Neno letu moja, milango yao minne.

Era, ukieleza kitu kilivyo kwa asili yake: El palacio era blanco, jumba lilikuwa jeupe.
Estaba, ukieleza mahali au hali ya wakati ule: El palacio estaba cerrado, lilikuwa limefungwa.
Fue, ukitoa hukumu ya jambo zima likishakwisha: El viaje fue largo. La cena fue estupenda, chakula cha jioni kilikuwa kizuri mno.
Había, kwa "kulikuwa na": Había mucha gente, kulikuwa na watu wengi.

Había haibadiliki kwa wingi. Había muchos turistas, kamwe si habían.

Na "nilikuwa Pemba"? Kama unamaanisha ulikwenda ukakaa ukarudi, sema Estuve en Pemba. Kama ulikuwa uko huko jambo likatokea, Estaba en Pemba cuando me llamaste, nilikuwa Pemba uliponipigia. Usiseme fui en Pemba. Nalisikia kila siku, kwa sababu kwetu "Pemba" ni Pemba tu, hatubadilishi kitu kati ya kwenda na kuwapo. Wao ni fui a, estuve en.

Hatua ya 7: -me- na -ja-

"Nimeona", "tumekula", "hawajafika": kwa Mhispania ni he, has, ha, hemos, habéis, han pamoja na kitenzi chenye -ado au -ido. He viajado, hemos comido. Vikaidi vya kushika: visto (kuona), hecho (kufanya), dicho (kusema), vuelto (kurudi), puesto (kuweka), abierto (kufungua), escrito (kuandika), roto (kuvunja).

-ja- inaingia vizuri ajabu. El barco todavía no ha llegado, boti haijafika. No llegó, haikufika. Tofauti ile ile ya "haijafika" na "haikufika", na mgeni aliyesimama juani na mabegi atakushukuru ukimpa iliyo sahihi. "Umewahi kufika Pemba?" ni ¿Has estado alguna vez en Pemba?

Wahispania wengi, siku ikiwa haijakwisha, hutumia hii: Esta mañana hemos visto los delfines, asubuhi hii tumewaona pomboo. Mmexico au Muargentina aliyekuwa kwenye mashua hiyo hiyo ya Kizimkazi atasema vimos. Hata watu wa visiwa vya Canarias, ambao ni raia wa Uhispania, husema vimos. Labda watu wa visiwani tuna yetu. Usimsahihishe yeyote. Sikiliza anavyosema, mjibu kwa yake.

ONYO: si kila -me- ni he. Zipo -me- zinazoeleza hali mtu aliyonayo sasa hivi. Mgeni amelala: está dormido. Ukisema ha dormido, umesema keshalala na keshaamka. Amechoka: está cansado. Amekaa: está sentado. Amevaa kanzu: lleva un kanzu. Ndiyo maana katika hadithi yangu "nilikuwa nimekaa dirishani" itakuwa estaba sentado, si había sentado.

Ikiwa jambo moja lilishatokea kabla ya jingine, había pamoja na -ado au -ido: Cuando llegamos al puerto, el barco ya había salido. Tulipofika bandarini boti ilikuwa imeshaondoka. Inatosha.

Hatua ya 8: Vusha hadithi yako

Yangu ikawa hivi:

El año pasado fui a Pemba. Salimos de Malindi por la mañana. El mar estaba agitado. Yo estaba sentado junto a la ventana y un niño lloraba. De repente el motor se paró. Esperamos una hora. Llegamos a Mkoani por la tarde.

Isome kwa sauti, rekodi, lala. Kesho yake isimulie bila karatasi. Ukiiweza, badilisha mtu: badala ya "mimi" iwe "yeye", halafu "wao".

Kisha hamia kwenye kazi. Historia ya mji ni safari vilevile, na wageni huuliza yale yale. Beit el Ajaib, jumba la sultani pale Forodhani: El sultán Barghash lo construyó en 1883. Desde los balcones se veía el mar. En diciembre de 2020 se derrumbó una parte. Ujenzi na kuporomoka ni nyekundu, kuonekana kwa bahari ni buluu. Vita vya 1896 kati ya Waingereza na Zanzibar: La guerra duró menos de una hora, vita vilichukua chini ya saa moja. Wengi husema duraba. Kumbuka muda uliofungwa. Na mwanamuziki huyu wasiyeacha kumuulizia: Freddie Mercury nació aquí en 1946. Su familia era parsi. Se fueron a Inglaterra en 1964. Yaani alizaliwa hapa, familia yake ilikuwa ya Waparsi wenye asili ya India, wakahamia Uingereza.

Ukikwama

*Naganda mgeni akiniuliza.* Anza na fui a, ongeza vi, malizia na fue muy bonito. Fui a Nungwi, vi los barcos, fue muy bonito: nilikwenda Nungwi, nikaona mashua, ilipendeza sana. Ukishapata pumzi ongeza buluu.

*Nachanganya rangi katikati ya hadithi.* Unaongea haraka. Maliza matukio kwanza yote, rudi nyuma ueleze hali. Si uzuri wa mwandishi, lakini unaeleweka.

*Kitenzi kimenipotea kabisa.* Sema cha sasa na utangulize ayer. Ni kosa, ila mgeni hupachika wakati mwenyewe. Usikimbilie Kiingereza, ukihamia huko, naye atahamia, na Kihispania chako kimekwisha kwa siku hiyo.

*Wananisahihisha kila mmoja lake.* Muulize katokea wapi: ¿De dónde eres? Wa Madrid na wa Buenos Aires hawatakubaliana juu ya he comido na comí, na si kazi yako kuwapatanisha.

*"Nilikuwa nataka kwenda lakini sikwenda" nasemaje?* Quería ir, pero no fui. Jaribio la -ka- limeshakujibu: huwezi kusema "nikataka kwenda" kisha usiende bila kueleza kilichokuzuia. Na "nilikuwa nitakupigia" ni Te iba a llamar. Hii ishike, maana mgeni uliyemwahidi boti ya saa mbili akikukuta saa nne unakunywa kahawa Jaws Corner, ndiyo utakayoihitaji.